Ndege Iliyopungukiwa Kipande: Nani Huamua Kwamba Iruke?

Cheti cha aina, ambacho mamlaka ya nchi inakotengenezwa ndege huitoa baada ya miaka ya majaribio, huthibitisha umbo moja mahususi, na kila kifuniko, kila kilango na kila ufito uliomo katika michoro ya umbo hilo huhesabiwa kuwa sehemu ya ndege iliyopimwa na kukubaliwa. Kanuni hiyo ikifuatwa kwa ukali, ndege iliyodondosha kifuniko cha taa ya bawani itakuwa imekwisha kugeuka ndege nyingine isiyo na cheti, na haitakuwa na ruhusa ya kuinuka hata kama injini zake zinafanya kazi bila dosari. Lakini ndege zilizopungukiwa na vipande vidogo vya nje huruka kila siku katika mabara yote, kwa idhini kamili ya sheria, na ukiacha mafundi na marubani, mara nyingi abiria aliyekaa dirishani ndiye pekee anayeuona upungufu huo. Idhini hiyo ina mantiki na hesabu yake, na pia ina udhaifu usiofaa kufichwa.

Jambo hili huonekana zaidi katika jeti za kikanda, yaani ndege za injini mbili zenye viti kati ya 50 na takriban 100, zinazounganisha miji ya kadiri na vituo vikubwa vya safari. Kampuni ya Bombardier ya Kanada iliingiza kazini CRJ ya viti 50 mwaka 1992, na Embraer ya Brazil ikafuata na ERJ-145, kisha na familia ya E170 na E190. Wasafiri wa Afrika Mashariki wanazifahamu ndege hizi hata wasipojua majina yake, kwa kuwa Kenya Airways hutumia E190, huku RwandAir na Uganda Airlines, iliyorudi angani mwezi Agosti 2019, zikitumia CRJ900. Ndege za namna hii hupaa na kutua mara nyingi kwa siku moja, na kila zinapotua husogelewa na ngazi, magari ya mizigo, magari ya chakula na matangi ya mafuta, ambayo yote yanaweza kuzigusa kwa bahati mbaya. Aidha, nyingi hulala katika viwanja visivyo na karakana wala ghala la vipuri, ambako kifuniko chenye ukubwa wa sahani kinaweza kuchukua siku kadhaa kufika kutoka bara jingine. Kama sheria ingedai ukamilifu wa kila kipande, ndege ingesimama uwanjani kwa siku hizo zote, na abiria wake wangelala sakafuni kwa sababu ya kitu kisichoathiri usalama wao kwa namna yoyote inayopimika.

Ili kuepuka hali hiyo, sekta ya usafiri wa anga inatumia orodha mbili ambazo watu huzichanganya mara kwa mara. Ya kwanza hujulikana kwa kifupi chake, MEL, na inahusu vifaa ambavyo bado vimo ndani ya ndege lakini havifanyi kazi, kama vile taa, pampu au mojawapo ya mitambo ya kupooza hewa. Mtengenezaji na mamlaka huandaa orodha kuu ya aina hiyo ya ndege, na kila shirika hutunga ya kwake, ambayo inaruhusiwa kuwa kali kuliko ile kuu lakini hairuhusiwi kuilegeza. Hitilafu nyingi zilizomo hupangiwa muda wa kutengenezwa: kundi B ni siku 3, kundi C ni siku 10 na kundi D ni siku 120, bila kuhesabu siku hitilafu ilipogunduliwa, wakati kundi A hufuata muda ulioandikwa mahususi kwa kila kifaa. Orodha ya pili, CDL, ndiyo kiini cha makala haya, na inahusu vipande vya nje vya bodi na injini ambavyo havipo kabisa. Imeambatishwa kwenye kitabu rasmi cha uendeshaji wa ndege kilichoidhinishwa pamoja na cheti chenyewe, na kwa hiyo masharti yake ni sehemu ya mipaka ya kisheria ya ndege hiyo, sawa na mwendo wa juu kabisa au uzito wa juu kabisa inaoruhusiwa kuruka nao.

Kitu kilichobonyea, kilichokwaruzika au kilichopasuka hakimo katika orodha hizo mbili. Mbonyeo uliotokana na mvua ya mawe, ndege wa porini au ngazi iliyosukumwa vibaya hupimwa kwa kitabu cha tatu, yaani mwongozo wa matengenezo ya muundo, unaoeleza kwa milimita kina, upana na umbali kutoka kwenye mstari wa ribiti ambao mbonyeo haupaswi kuupita. Fundi hupima, hulinganisha na jedwali, kisha huandika; mbonyeo ulio ndani ya mipaka huingizwa katika ramani ya majeraha ya ndege hiyo ili fundi wa uwanja mwingine asiuhesabu kuwa mpya, na uliovuka mipaka huizuia ndege mpaka itengenezwe au mtengenezaji atoe idhini ya maandishi. Mgawanyo huu huzaa jambo ambalo mtu wa kawaida huliona la ajabu: kwa kuwa CDL huzungumzia kipande kisichokuwepo, kipande kilichovunjika nusu mara nyingi hulazimika kung'olewa chote ndipo ndege iweze kuruka. Kwa macho ya abiria, fundi anayeondoa kifuniko kilichopasuka anaiharibu ndege zaidi. Kwa macho ya mhandisi, anaondoa kitu kinachoweza kupeperuka na kugonga mkia, na kuacha nafasi tupu ambayo athari yake inajulikana kwa hesabu.

Vipande vilivyomo katika orodha hiyo ni vile ambavyo wahandisi huviita vya daraja la pili, kwa maana kwamba havibebi mzigo wa muundo wa ndege. Humo hupatikana vifuniko vinavyolainisha mtiririko wa hewa kwenye reli za flapu, yaani zile sehemu za nyuma ya bawa zinazoshushwa wakati wa kupaa na kutua. Humo pia hupatikana baadhi ya milango ya magurudumu, mipira ya kuziba mianya, vilango vya kujazia maji na mafuta, na vijiti vyembamba vilivyochomoza kwenye kingo za nyuma za mabawa na mkia. Vijiti hivyo vinastahili maelezo zaidi kwa sababu ndivyo hupotea mara kwa mara. Ndege inapopita katikati ya mawingu, vumbi au theluji hukusanya umemetuamo, yaani chaji ya umeme inayotulia juu ya ngozi yake, na chaji hiyo ikiachwa iruke ovyo huleta kelele katika redio na kuvuruga vifaa vya uongozaji. Vijiti huipa njia ya kutoka kidogo kidogo. Havizuii radi kuipiga ndege, kama wengi wanavyodhani, ila radi inapopiga mara nyingi hutoka kupitia kwavyo na kuviunguza, na ndiyo maana baada ya safari yenye dhoruba kijiti kimoja au viwili huonekana vimebaki kisiki. Ndege ina vijiti vingi kuliko mahitaji ya safari moja, na orodha hueleza vingapi vinaweza kukosekana na katika sehemu gani.

Hesabu inayoambatana na ruhusa hii ndiyo inayoitofautisha na uzembe. Kipande cha nje kikikosekana, hewa huingia penye uwazi na kuzunguka humo badala ya kuteleza, na hivyo ukinzani wa hewa huongezeka. Katika safari ya kawaida ongezeko hilo huishia kwenye matumizi ya mafuta, ambayo ni tatizo la mhasibu. Lakini sheria huipima ndege katika hali mbaya kuliko zote, nayo ni pale injini moja inapozimika wakati wa kupaa. Jeti ya injini mbili, ikiwa imekwisha kukunja magurudumu, inatakiwa kuweza kupanda kwa asilimia 2.4 kwa kutumia injini iliyobaki, yaani kuinuka mita 24 kwa kila mita 1,000 inazosonga mbele. Pembe hiyo ni ndogo mno, na ukinzani mdogo usioonekana kwa jicho unaweza kuimega. Kwa kuwa fundi hawezi kuiongezea injini nguvu, linalobaki ni kupunguza uzito, na ndiyo sababu adhabu nyingi za CDL huandikwa kwa kilo: kwa kukosekana kipande fulani, uzito wa kupaa upunguzwe kwa kiasi fulani, uzito wa kutua kwa kiasi fulani, na pengine mwendo au kimo kiwekewe mpaka.

Katika uwanja wa Dar es Salaam, ulio karibu na usawa wa bahari, adhabu hiyo inaweza kumezwa na ziada ya nguvu iliyopo bila mtu yeyote kuachwa nyuma. Uwanja wa Jomo Kenyatta wa Nairobi uko futi 5,330 juu ya bahari, na ule wa Kigali unakaribia futi 4,900. Huko hewa ni nyepesi, injini hutoa nguvu pungufu, na mchana wa jua kali hali huwa ngumu zaidi. Ndege ileile yenye upungufu uleule inaweza kutoka Dar es Salaam ikiwa imejaa na kutoka Nairobi ikiwa imeacha mizigo au abiria, na msafiri anayeambiwa kwamba begi lake litakuja na ndege ya jioni huenda asielezwe kamwe kwamba chanzo ni kifuniko kilichopotea. Mashirika yangefanya vema kulisema jambo hilo waziwazi, kwa kuwa ni ushahidi wa uangalifu na halina aibu yoyote.

Orodha ina kanuni za jumla zinazozuia upungufu usirundikane. Kwa kawaida kipande kimoja tu ndicho kinachoruhusiwa kukosekana katika mfumo mmoja mdogo, isipokuwa pale orodha inapotaja vipande vinavyoweza kukosekana pamoja, na adhabu za vipande mbalimbali hujumlishwa. Vipo vipande ambavyo athari yake ni ndogo mno kiasi kwamba havina adhabu, lakini hata hivyo visivyozidi vitatu ndivyo vinavyoweza kukosekana kwa pamoja bila adhabu ya ziada, kwa hoja kwamba vidogo vingi vikikusanywa huacha kuwa vidogo. Upungufu huandikwa katika daftari la ufundi la ndege, na kibandiko chenye maelezo ya mipaka iliyobadilika huwekwa ndani ya chumba cha marubani, mahali ambapo rubani mkuu atakiona. Kipande kingine kikipotea angani, ndege haiondoki tena katika uwanja ilikotua mpaka hali yake mpya ikubaliane na orodha. Ofisa anayepanga safari hufanya upya hesabu ya uzito na mafuta, fundi mwenye leseni hutia saini, na rubani mkuu hubaki na haki ya kukataa hata kama kila karatasi inasema ndiyo. Haki hiyo ya mwisho haifai kudharauliwa, maana orodha huandikwa mezani bila kujua kwamba leo kuna mvua, upepo wa pembeni na njia ya kurukia iliyolowa.

Ukubwa wa kipande hausemi mengi kuhusu uzito wa jambo. Mahali kilipokuwa ndipo pa kuangalia kwanza. Bawa la CRJ200 halina vibapa vya mbele vinavyofunguka kulisaidia kubeba ndege kwa mwendo mdogo, na kwa sababu hiyo linategemea sana ulaini wa ukingo wake wa mbele na sehemu yake ya juu. Tarehe 21 Novemba 2004 ndege ya aina hiyo ilianguka mara baada ya kupaa kutoka Baotou, nchini China, na watu 55 wakafa, wakiwamo wawili waliokuwa ardhini. Mabawa yake yalikuwa na tabaka la jalidi ambalo halikuondolewa baada ya kulala nje usiku kucha. Jalidi si kipande kilichopotea, lakini tukio hilo linaonyesha kwa nini mbonyeo unaovumilika ubavuni karibu na mkia unaweza kuisimamisha ndege ukiwa kwenye ukingo wa mbele wa bawa.

Eneo lingine lenye masharti makali ni lile linalozunguka vitundu vya pembeni mwa pua ya ndege, ambavyo hupima mgandamizo wa hewa ya nje ili altimita, yaani kipimo cha kimo, iweze kusoma. Kati ya futi 29,000 na futi 41,000 ndege hupishana kwa tofauti ya futi 1,000 tu, utaratibu ambao anga la Afrika lilianza kuutumia mwaka 2008, na hata mkunjo mdogo wa ngozi mbele ya vitundu hivyo unaweza kupotosha usomaji. Ndiyo maana sehemu hiyo kwa kawaida huzungushiwa mstari au hutajwa mahususi katika vitabu, na dosari inayokubalika sentimita chache nje ya mstari haikubaliki ndani yake. Mwaka 1996 ndege ya Boeing 757 ya Aeroperú ilianguka baharini karibu na Lima na watu wote 70 waliokuwamo wakafa, kwa sababu vitundu hivyo vilizibwa kwa tepu wakati wa kuosha ndege na tepu hiyo haikubanduliwa.

Tepu yenyewe imezua hofu isiyo na msingi. Mafundi hutumia tepu ya alumini yenye gundi kali, iliyotengenezwa kustahimili baridi, joto na upepo wa angani, kwa ajili ya kuziba mwanya au kufunika rangi iliyobanduka mpaka ndege ifike karakana. Picha nyingi zinazosambazwa za mabawa ya Boeing 787 yenye viraka vya fedha huonyesha rangi iliyobabuka kwa jua na kufunikwa, basi. Tepu hiyo haibebi mzigo wowote wa muundo, na pale ambapo vitabu havikuitaja fundi hana ruhusa ya kuibandika.

Liko pia swali ambalo CDL hailijibu, nalo ni kipande kilichopotea kimekwenda wapi. Tarehe 25 Julai 2000, katika uwanja wa Charles de Gaulle wa Paris, ndege ya DC-10 ilidondosha kwenye njia ya kurukia ukanda wa titani wenye urefu wa takriban sentimita 43 kutoka kwenye gamba la injini yake, ikaendelea na safari kuelekea Marekani bila shida yoyote. Dakika chache baadaye tairi la Concorde likaukanyaga ukanda huo na kupasuka, kipande kizito cha mpira kikapiga chini ya tanki la mafuta, na moto uliofuata ukawaua watu wote 109 waliokuwa ndani na wengine wanne hotelini ilikoangukia. Kwa DC-10 ule ulikuwa upungufu mdogo kabisa. Kwa hiyo rubani anayezunguka ndege yake kuikagua kabla ya safari na kukuta pengo jipya hatoshelezi wajibu wake kwa kufungua orodha tu. Inampasa pia kuuarifu uwanja alikotoka, ili njia ya kurukia ikaguliwe.

Iko ajali nyingine, isiyokumbukwa sana na umma, inayoonyesha mpaka halisi wa jambo hili. Tarehe 11 Septemba 1991 ndege ya Embraer EMB-120 iliyokuwa ikitoka Laredo kwenda Houston ilivunjika angani karibu na Eagle Lake, katika jimbo la Texas, na watu wote 14 wakafa. EMB-120 ni ndege ya pangaboi, lakini kazi yake ilikuwa ileile ya kikanda. Usiku uliotangulia, mafundi walikuwa wakibadilisha mipira ya kuondolea barafu kwenye bawa la mkia, zamu zikabadilishana kazi ikiwa katikati, na skrubu 47 zilizokuwa zimefunguliwa upande wa juu kushoto hazikurudishwa wala kuandikwa popote. Bawa la mkia la ndege hiyo liko juu kabisa, kwa hiyo marubani hawakuwa na namna ya kuuona upande wake wa juu wakiwa ardhini. Asubuhi ndege ilikwenda Laredo salama, na katika safari ya kurudi ukingo wa mbele wa bawa la mkia ukang'oka.

Hakuna orodha ya CDL ambayo ingeziruhusu skrubu hizo kukosekana. Lakini tofauti kati ya skrubu hizo na kifuniko kinachokosekana kwa idhini haikuwa katika ukubwa wa kitu peke yake, kwa kuwa skrubu ni ndogo kuliko kifuniko. Ilikuwa pia katika ujuzi. Upungufu uliojulikana, ukapimwa, ukaandikwa na kukatwa kwenye uzito ni upungufu uliofugwa, na ule ambao zamu moja iliuacha bila kuiambia nyingine ndio unaoua.

Hata hivyo utaratibu wenyewe hauko salama dhidi ya tabia za binadamu. MEL hutoa siku, wakati CDL kwa kawaida haitoi, na kipande kinaweza kukosekana kwa muda mrefu kwa hoja kwamba hesabu tayari imefanywa na hakuna sheria inayovunjwa. Mamlaka hutarajia mashirika yarudishe vipande mapema iwezekanavyo, lakini maneno "mapema iwezekanavyo" hunyumbulika sana mbele ya bei ya kipuri, hasa kwa ndege ambazo hazitengenezwi tena, kama CRJ, ambayo ya mwisho ilikabidhiwa mwaka 2021. Shirika lenye nidhamu hujiwekea tarehe lenyewe na kuifuata. Lisilo na nidhamu huacha vibandiko viongezeke ndani ya chumba cha marubani mpaka vikawa sehemu ya mapambo. Mamlaka za usafiri wa anga za eneo hili zingeweza kuyaziba mapengo hayo bila gharama kubwa, kwa kudai kila upungufu wa CDL uwe na tarehe ya mwisho iliyoandikwa na shirika lenyewe, na kwa wakaguzi kuiuliza tarehe hiyo wanapopanda ndege kuikagua.

Abiria naye hajazuiwa kusema. Akiona kijiti kimoja kimekosekana kwenye ukingo wa bawa, au kiraka cha alumini kilichobandikwa vizuri, anaweza kufunga mkanda na kutulia. Lakini akiona kifuniko kinachoning'inia, kimiminika kinachovuja au kitu kinachotikisika, amwite mhudumu na kumweleza kabla mlango haujafungwa, kwa kuwa rubani ana wajibu wa kukagua taarifa hiyo na hakuna kanuni inayomwadhibu abiria aliyetoa taarifa kwa nia njema.